Gwiji au Jina Kubwa Tu? Kisa cha Redio Iliyogawanyika kwa Sababu ya Vybz Kartel

Utangulizi

Kisa hiki kilitokea katika kituo cha redio jijini Nairobi, kuanzia mwisho wa 2023 hadi Agosti 2024. Jina la kituo, majina ya wahusika na jina la kipindi nimeyaondoa, na mambo madogomadogo yanayoweza kuwatambulisha nimeyabadilisha. Msanii aliyezozaniwa nimemwacha na jina lake, kwa kuwa hoja zote zilihusu kazi yake na kesi yake, mambo yanayojulikana hadharani. Ni Adidja Palmer wa Jamaika, yaani Vybz Kartel.

Nakiandika kwa ajili ya watangazaji, madijei na wahariri wa burudani. Sisi ndio tunaogawa sifa. Tukimwita mtu gwiji hewani, kuna kijana anayetuamini, na kesho yake atabishana mtaani kwa maneno yetu. Katika kisa hiki kazi hiyo ilianza vibaya, ikatengenezwa vizuri, kisha ikaharibika tena mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama.

Usuli

Nairobi imeupenda muziki wa Jamaika kwa miongo mingi. Panda matatu ya Eastlands jioni, utasikia rege, au dancehall, mtoto wake wa kuchana maneno juu ya mdundo, kabla hujapata kiti. Kituo hiki kilikuwa na wasikilizaji wengi wa aina hiyo, na mhariri wa vipindi akapanga mfululizo wa vipindi vinane kuhusu magwiji wa dancehall, kila kimoja kwa msanii mmoja. Orodha yake ya kwanza ilikuwa na Yellowman, Shabba Ranks, Ninjaman, Bounty Killer, Beenie Man, Buju Banton, Lady Saw na Sean Paul.

Ni orodha nzuri. Yellowman alizaliwa na ualbino katika nchi iliyomdharau kwa ngozi yake, akainuka hadi kusainiwa na kampuni kubwa ya Marekani katika miaka ya themanini. Shabba Ranks ndiye aliyeiletea dancehall tuzo ya Grammy miaka miwili mfululizo, 1992 na 1993. Hakuna aliyepinga jina hata moja. Lakini dijei wa kituo, kijana aliyekulia Eastlands, aliisoma mara mbili, akauliza: Kartel yuko wapi?

Kwa msomaji asiyemfahamu, Kartel alizaliwa 1976 na kukulia Waterford, mtaa wa Portmore, ng'ambo ya bandari kutoka Kingston. Alirekodi wimbo wake wa kwanza 1993 akiwa bado kijana mdogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa akimwandikia mistari Bounty Killer, akiwa katika kundi la Alliance. Alitoka humo 2006, akaunda kundi lake, Portmore Empire, na mashabiki wake wakajiita Gaza. Wapinzani wao walikuwa Gully wa Mavado, na ugomvi ukatoka studio ukaingia shuleni na mitaani, hata Desemba 2009 wasanii hao wawili wakakutana na Waziri Mkuu Bruce Golding ili uzimwe. Septemba 2011 Kartel alikamatwa. Machi 2014 alipatikana na hatia ya kumuua kijana aliyekuwa mtu wake wa karibu, ambaye mwili wake haukupatikana kamwe. Alihukumiwa kifungo cha maisha, na asingeweza kuomba msamaha wa kutoka kabla ya miaka 35. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya Jamaika iliishikilia hukumu hiyo, ikapunguza miaka hiyo kuwa 32 na nusu.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa wakati dijei alipouliza swali lake.

Mambo yalivyokwenda

Kikao cha kwanza kilivunjika bila uamuzi, na ukisikiliza maelezo ya waliokuwepo unaelewa kwa nini. Dijei alikuwa akizungumzia kazi: idadi ya nyimbo, namna anavyopanga vina, wasanii aliowalea kama Popcaan na Tommy Lee Sparta. Mhariri alikuwa akizungumzia mtu: ni muuaji aliyehukumiwa, na kituo chetu kinasikilizwa na watoto. Mtangazaji mkongwe, mzee wa Mombasa ambaye wote walimwita Mzee, alikuwa akizungumzia muda: mtu haitwi gwiji hadi kizazi cha pili kimkubali. Kila mmoja alikuwa na la maana. Hakuna aliyekuwa akimjibu mwenzake.

Ndipo mtangazaji wa jioni akafanya jambo ambalo redio hufanya kila inapokwama. Aliuliza wasikilizaji. Simu zilimiminika usiku ule na karibu zote zilikuwa za kumtetea Kartel, nyingine kwa matusi. Kwa dijei huo ulikuwa ushahidi. Kwa mhariri ulikuwa ushahidi wa kinyume chake, kwamba mashabiki wa huyu mtu hawajui kuzungumza. Kura ya simu ilikuwa imehesabu mapenzi tu, na mapenzi ya Nairobi kwa Kartel yalijulikana na kila mtu kabla simu ya kwanza haijalia.

Katika kikao cha pili dijei mwenyewe ndiye aliyeleta jambo zito zaidi, ingawa lilikuwa dhidi ya upande wake. Alikumbusha kwamba Kayole, mtaa wa Eastlands, ilikuwa na kundi la vijana waliojiita Gaza, kundi la uhalifu lililosakwa na polisi, na kwamba katika msako ule vijana waliuawa. Alisema alisoma na baadhi yao. Hakudai kwamba nyimbo ndizo zilizowaingiza huko, ila alitaka kila aliye mezani ajue kuwa jina hilo Nairobi lina makaburi. Namheshimu sana kwa hilo. Wengi tukimpenda msanii huficha kadi ya namna hiyo.

Mwezi Februari 2024 mhariri alifunga mjadala: Kartel hatakuwemo. Sababu aliyoiandika kwenye barua ya ndani ilikuwa fupi, kwamba kituo hakiwezi kumtukuza mtu aliyehukumiwa kwa mauaji.

Tarehe 14 Machi 2024, Privy Council ya London, ambayo ndiyo mahakama ya mwisho ya rufaa kwa Jamaika, iliifuta hukumu ya Kartel na wenzake watatu.

Dijei alikuwa hewani habari ilipofika. Alipiga honi, akacheza nyimbo mfululizo, na akatangaza kwamba Kartel amethibitika hana hatia. Hilo halikuwa kweli. Mahakama haikusema hivyo. Ilisema kwamba katika kesi ya 2014 mjumbe mmoja wa juri, yaani mmoja wa raia walioteuliwa kuamua kesi, alidaiwa kujaribu kuwahonga wenzake, na jaji akamwacha aendelee kukaa nao hadi uamuzi ukatolewa. Kesi iliyoamuliwa na juri lenye doa kama hilo haiwezi kusimama. Swali la kama kesi isikilizwe upya lilirudishwa Jamaika. Kituo kilisahihisha kesho yake asubuhi, kwa sentensi mbili, saa ambayo wasikilizaji wa usiku wamelala.

Barua ya mhariri nayo ilikuwa imebaki bila mguu wa kusimamia.

Uamuzi na sababu zake

Mzee ndiye aliyeokoa mambo. Alimwendea mhariri akamwambia, kwa maelezo ya mhariri mwenyewe: "Mwanangu, ulimkataa kwa sababu ya jela. Sasa jela imeondoka. Utamkataa kwa sababu gani, au utamkubali kwa sababu gani?" Kisha akaonyesha orodha ile ya majina manane. Ninjaman alihukumiwa kifungo cha maisha 2017 kwa mauaji yaliyotokea 2009. Buju Banton alipewa Grammy Februari 2011 na mwezi huohuo akapatikana na hatia ya dawa za kulevya huko Florida, akafungwa hadi Desemba 2018. Wote wawili walikuwa kwenye orodha tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyetaja jela.

Mhariri, kwa sifa yake, hakubisha. Alikubali utaratibu mpya uliopendekezwa na Mzee. Maswali yaandikwe kwanza, kabla ya jina lolote kutajwa, kisha kila msanii aulizwe maswali yaleyale. Waliandika manne. Je, baada yake watu waliimba tofauti na walivyoimba kabla yake? Je, kazi yake inasimama ukiisikiliza bila kelele za ugomvi uliokuwepo? Je, ana upana, au anajua jambo moja tu? Je, wanaokuja nyuma yake wanamtaja kama mwalimu? Tabia, kesi na madhara vikawekwa kando, kwa masharti kwamba vitasemwa waziwazi kwenye kipindi cha yeyote vinayemhusu.

Swali la jela lilikuwa limewapumzisha wasisikilize. Sasa ikabidi wasikilize. Walikaa studio mchana mmoja, mistari imechapishwa kwenye karatasi, dijei akitafsiri Patwa, lugha ya mitaani ya Jamaika, kila ilipobidi.

Wimbo uliobadilisha hewa ya chumba ulikuwa Clarks wa 2010, alioimba na Popcaan na Gaza Slim. Ni wimbo kuhusu viatu vya jina hilo. Mzee aliingia akiwa na dharau, akatoka akiwa anautaka urudiwe. Kilichomshika ni mswaki. Kartel anaeleza namna ya kusafisha kiatu cha suede kwa mswaki ili vumbi litoke, na Mzee akasema mtu huyu anajua watu wake wanavyoishi, kwa sababu maskini anayethamini kiatu kimoja ndiye anayejua kwamba mswaki mkuukuu hautupwi. Ukifuata vina utaona amekishika kina kimoja akakirudia mstari baada ya mstari, na bado kila mstari una habari mpya. Wanaojua tungo za mizani wanaelewa ugumu wake. Ni rahisi kupata vina, na ni vigumu kuvipata bila kujaza maneno matupu katikati. Baada ya wimbo ule viatu hivyo vilipanda bei Jamaika na watu wakavigombania.

Baada ya Clarks walisikiliza Poor People Land na Thank You Jah, Kartel akiwa na sauti ya mtu anayeona watoto wa mtaa wake wakikosa. Swali la upana likajibika. Wakasikiliza pia nyimbo za bunduki, nyingi, na hizo ziliwachosha. Wawili waliandika kwamba nusu yake ingeweza kutupwa bila hasara. Nakubaliana nao. Msanii anayetoa nyimbo kwa mamia lazima atoe takataka, na gwiji hupimwa kwa kilele chake, si kwa wastani wake.

Hoja ya nyimbo za kutukanana na wapinzani ilijibiwa na Mzee kwa namna ambayo hakuna kijana angeweza. Alitaja Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyewatungia watu wa Lamu mashairi ya kejeli na vitisho mwanzoni mwa karne ya 19, wakati miji hiyo miwili ikielekea vitani Shela, kisiwani Lamu. Damu ilimwagika kweli. Leo Muyaka anasomeshwa shuleni, na hakuna anayesema avuliwe heshima. Hakusema kwamba ushairi wa vita hauna madhara. Alisema tu kwamba lugha iliyonolewa kwa ugomvi haiachi kuwa lugha iliyonolewa.

Uamuzi ukawa kwamba Kartel ameitimiza sifa. Kipindi chake kingekuwa na sehemu inayomtaja kijana aliyepotea 2011 na familia iliyobaki bila mwili wa kuzika. Kingeeleza kwa usahihi mahakama ilisema nini. Na nyimbo zenye lugha chafu zisingechezwa kabla ya saa nne usiku, kwa kuwa kanuni za utangazaji za Kenya zinalinda muda wa kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa hiyo.

Matokeo

Tarehe 31 Julai 2024 mahakama ya rufaa ya Jamaika iliamua kesi isisikilizwe upya, na Kartel akatoka gerezani siku hiyohiyo. Kipindi kilirushwa Agosti. Kilisikilizwa sana, na sehemu iliyozungumziwa zaidi ni ile ya familia ya aliyepotea. Baadhi ya mashabiki walikasirika, wakasema kituo kimemchafua mtu siku za furaha yake. Mama mmoja wa Kayole alipiga simu akashukuru kwamba kwa mara ya kwanza amesikia wimbo na maiti vikitajwa katika saa moja, bila kimoja kumfunika mwenzake.

Kipindi cha Ninjaman, kilichokuwa kimeshahaririwa, kilirudishwa studio na kuongezewa habari za kesi yake. Cha Buju vilevile. Kutoka hapo kituo kimekuwa kikitumia maswali yale manne kila kinapotaka kumpa mtu sifa, wa nje au wa hapa nyumbani.

Kwa upande wa Kartel, mambo yaliyofuata yaliipa nguvu hoja ya dijei. Mwishoni mwa 2024 EP yake, yaani albamu fupi, ya Party With Me iliteuliwa kuwania Grammy, na usiku wa tarehe 31 Desemba alipanda jukwaani kwenye Uwanja wa Taifa wa Kingston. Hayo hayakuwepo mezani wakati wa uamuzi, na ni vizuri kwamba hayakuwepo. Yangewarudisha kwenye kuhesabu makofi.

Uchambuzi

Kosa la mwanzo halikuwa kumkataa Kartel. Mhariri angeweza kumkataa kwa haki. Kosa lilikuwa kuutundika uamuzi wa sanaa kwenye msumari wa mahakama. Hukumu ikisimama, Kartel si gwiji. Ikianguka, ni gwiji? Mistari ya Clarks ni ileile tarehe 13 Machi na tarehe 15 Machi. Dijei naye alitumbukia shimo hilohilo kwa upande wa pili aliposhangilia hewani. Wote wawili walikuwa wamekubaliana, bila kujua, kwamba majaji ndio wanaoamua nani ni mshairi.

Kuna wanaosema kutenganisha mtu na kazi yake ni njia ya kuwaficha wabaya. Nalichukulia jambo hili kwa uzito, na nadhani kisa hiki kinaonyesha kinyume. Siku walipoacha kutumia kesi kama kipimo ndipo walipoweza kuizungumzia kesi kwa ukamilifu. Kabla ya hapo mhariri aliitaja kwa neno moja, muuaji, na dijei kwa maneno mawili, hana hatia, na kati yao hakuna aliyemkumbuka kijana aliyekufa. Aliyemrudisha mezani ni ule utaratibu uliosema madhara yatasemwa waziwazi.

Utaratibu wa kuandika maswali kwanza ulifanya kazi kwa sababu moja iliyo wazi. Mtu akishajua jina, anatengeneza kipimo kitakachomfaa mpendwa wake. Mapenzi hufanya hivyo. Dijei asingejaribu kamwe kuuliza kuhusu upana kama angejua kwamba swali hilo litaziweka nyimbo za bunduki kwenye mizani. Mzee asingekubali swali la mswaki, kwa namna ya kusema, kama hangeshatia sahihi kwamba kazi itasikilizwa.

Usahihisho wa sentensi mbili asubuhi haukutosha. Uongo uliosemwa kwa honi usiku unapaswa kusahihishwa usiku, katika kipindi kilekile, na mtu yuleyule. Hadi leo wapo wasikilizaji wa kituo hicho wanaoamini London ilimtangaza Kartel kuwa msafi.

Nimeliacha kwa mwisho jambo linaloniuma zaidi. Mfululizo ulikuwa na nafasi nane, na Kartel alikuwa wa tisa. Mtu alipaswa kutoka. Maswali manne yalikuwa yaulizwe kwa wote, lakini muda ulibana, na yakaulizwa kwa watatu tu: Kartel, Ninjaman na Buju, wale waliokuwa na kesi. Aliyetolewa ni Lady Saw, kwa kauli ya mdomo, kwamba alishaiacha dancehall akaingia kanisani mwishoni mwa 2015.

Chumba cha kusikiliza kilikuwa na wanaume watupu. Walijadili wimbo wa Romping Shop kwa karibu saa nzima, wakapima ubeti wa Kartel, na hakuna aliyeuliza kuhusu Spice, ambaye ni nusu ya wimbo huo na anamjibu Kartel mstari kwa mstari bila kurudi nyuma. Spice alipata wapi ujasiri wa mwanamke kusimama jukwaani na kusema mambo ya chumbani kwa sauti ya mwenye mamlaka? Kwa Lady Saw, aliyetukanwa kwa hilo tangu miaka ya tisini na akajibu kwa wimbo, akiuliza kama uchafu ni maneno yake au ni barabara mbovu na njaa. Mwaka 2004 alipata Grammy kwa ushirikiano wake na bendi ya No Doubt, mwanamke wa kwanza kuipata katika madijei wa Jamaika, ambako neno hilo humaanisha wanaochana maneno juu ya mdundo. Chukua swali la kwanza, la walioimba tofauti baada yake. Chukua la nne, la wanafunzi. Alama zake hazipungui za mtu yeyote kwenye orodha ile, na kwa swali la kwanza mimi ningempa zaidi ya Sean Paul.

Mtayarishaji wa kike wa kituo aliyaandika haya yote kwa mhariri wiki moja baada ya mfululizo kwisha. Alijibiwa kwamba Lady Saw atapewa kipindi chake katika awamu ya pili. Nilipomaliza kuandika uchambuzi huu, awamu hiyo haikuwa imepangiwa tarehe.